Jina la babu yetu halimo kwenye mawe ya Taveta: tumtafute wapi?

*"Mimi ni mwenyeji wa Taita, kwa sasa naishi Taveta mjini. Baba yake babu yangu alichukuliwa na watu wa chifu mwaka 1917, akapelekwa vitani kubeba mizigo, na hakurudi. Pale Taveta kuna makaburi ya vita ya Waingereza. Yanatunzwa vizuri, nyasi zinakatwa, na wageni huja kuweka mashada ya maua. Nimepita jiwe kwa jiwe, jina lake sikuliona, wala la mtu yeyote wa kwetu. Wazee wananiambia mambo tofauti. Mmoja anasema wabebaji walifukiwa chini ya hao Wazungu. Mwingine anasema mila zetu zilikataa mambo ya kuwekewa mawe. Wa tatu anasema Waingereza hawakuwahi kuandika majina yao. Sasa kuna mtu anadai pesa ili atufuatilie 'faili la London' na jina lichongwe pale, na kaka yangu anataka tudai fidia. Ukweli ni upi, na tuanzie wapi?"*

Ndugu yangu, pole kwa hilo jambo ambalo familia yenu imelibeba kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu aliyeondoka mzima na asirudi hasahauliki nyumbani, hata kama waliomjua wote wameshazikwa.

Umeuliza maswali mengi kwa pamoja, lakini yote yanasimama juu ya mawili: alifia wapi, na kwa nini hakuandikwa. Naanza na la kwanza, kwa sababu jibu lake litabadilisha mahali pa kutafuta. Kwa mwaka ulionitajia, kuna uwezekano mkubwa kwamba babu yenu hakufia Taveta.

Angalia jinsi vita vyenyewe vilivyokwenda. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, wakajichimbia kwenye kilima cha Salaita, kile unachokipita ukitoka Maktau kuja mjini. Kwa mwaka mzima na zaidi, Taveta ilikuwa mikononi mwao. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi, ambayo ilifika Maktau katikati ya 1915, ili kuleta askari, maji na mizinga. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa wageni kabisa katika nchi hii, waliishambulia Salaita mchana kweupe wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Kikosi cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowakinga waliporudi. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, alisonga mbele, akazunguka kupitia upande wa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi watu waliuana kwenye vilima vya Latema na Reata, hapo hapo magharibi ya mji. Askari wa King's African Rifles, yaani Waafrika, walikuwamo, na kamanda wa kikosi chao cha 3, Luteni Kanali Graham, aliuawa pale. Baada ya hapo Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Kahe, na Taveta ikawa kituo cha nyuma ya mstari wa mapigano.

Mawe uliyoyapitia yanatokana hasa na hadithi hiyo, ambayo sehemu yake ya kupigana ilikwisha Machi 1916. Babu yenu alichukuliwa mwaka uliofuata, na kufikia 1917 vita vilikuwa vimehamia mbali sana: Rufiji, Kilwa, Lindi, Mahenge, na mwishoni mwa Novemba mwaka huo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Kwa nini walihitaji watu wengi kiasi hicho mwaka huo? Kusini ya reli ya kati ya Tanganyika hapakuwa na reli nyingine ya kufika kwenye mapigano. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa huko waliuawa na ndorobo, yaani mbung'o, kwa maelfu, na mvua za mwanzoni mwa 1917 ziliyazamisha magari kwenye matope. Kilichobaki kikawa kichwa na bega la mwanadamu. Mtu mmoja alibeba mzigo wa karibu kilo 25, na yeye mwenyewe alipaswa kula njiani. Kwa hiyo kadiri njia ilivyorefuka, ndivyo walivyohitajika wabebaji wa kubeba chakula cha wabebaji wenzao. Jeshi likisogea mbele kwa siku chache za mwendo, mahitaji ya watu yanaongezeka mara dufu. Ndiyo maana mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilimkabidhi afisa wake John Ainsworth kazi ya kukusanya watu kwa wingi, wilaya kwa wilaya. Machifu walipewa idadi ya kutimiza. Sheria ya 1915 ilikuwa tayari imeruhusu kuchukua watu kwa nguvu. Maneno ya familia yenu, kwamba alichukuliwa "na watu wa chifu", yanaafikiana kabisa na jinsi mambo yalivyofanyika. Simulizi hiyo msiidharau, ni ushahidi.

Aliyechukuliwa Taita mwaka huo pengine alishuka kwa treni kutoka Voi hadi Mombasa, akapakiwa melini kwenda Dar es Salaam, Kilwa au Lindi. Wabebaji wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Chakula chenyewe kiliwaua: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusu kwa sababu ya kukosa muda, sufuria na kuni zilizokauka, ukaliwa na watu ambao wengine hawakuzoea mahindi nyumbani kwao. Tumbo likiharibika, na mtu analala kwenye mvua bila blanketi la kutosha, wiki chache zinatosha. Hesabu rasmi za Waingereza zilitambua vifo zaidi ya 40,000 vya wabebaji. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi inakaribia 100,000.

Sasa nije kwa wazee wenu watatu. Nawaheshimu, na kila mmoja ameshika kipande cha jambo, lakini hakuna hata mmoja aliyelishika lote.

Kwamba wabebaji wamefukiwa chini ya Wazungu pale Taveta: sina sababu ya kuamini hivyo. Makaburi yale ya jeshi yalipangwa kaburi kwa kaburi. Wabebaji walizikwa kwao peke yao, karibu na kambi na hospitali zao, mara nyingi bila alama yoyote ya kudumu, na wengine waliachwa kando ya njia walipoangukia. Uchungu ulio ndani ya simulizi ya mzee una msingi, ila mahali alipouweka sipo.

Kwamba mila zetu zilikataa: hili naomba uliangalie kwa makini, kwa sababu halikuanzia kwa wazee. Lilianzia ofisini. Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza iliundwa kwa hati ya kifalme Mei 1917, mwaka uleule aliochukuliwa babu yenu, na kanuni yake kuu ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, sawa na mwenzake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya walijitahidi kuishika. Hata askari asiyetambulika alipewa jiwe lake lenye maneno kwamba Mungu anamjua. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, maafisa wa Tume na wa serikali za kikoloni walikubaliana vingine. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alinukuliwa na afisa wa Tume akitaka makaburi makubwa ya wabebaji ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Hoja iliyotolewa mara kwa mara ni kwamba "wenyeji" hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi, hivyo kuwawekea ni kupoteza pesa.

Nikisoma hayo huwa nawafikiria Wataita hasa. Watu ambao, baada ya muda wa mazishi kupita, walikuwa wakilifukua fuvu la mzee wao na kuliweka kwenye pango la ukoo, mstari kwa mstari, kila mmoja mahali pake panapojulikana, na wakaenda kuzungumza naye palipokuwa na shida. Mapango hayo yapo mpaka leo kwenye vilima vya kwenu. Ni nani awezaye kusema watu hao hawakujua thamani ya kumkumbuka mfu mmoja mmoja? Hakuna aliyewauliza.

Badala ya majina, zilijengwa sanamu tatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ambazo zilizinduliwa miaka ya mwisho ya 1920. Ile ya Nairobi, barabara ya Kenyatta, ina mbebaji kati ya watu wake watatu. Ile ya Dar es Salaam ni askari peke yake na singe yake. Maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling, ambayo yamewekwa pia kwa Kiswahili, yanamtaja mbebaji kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ukizunguka sanamu hizo zote hutakuta jina la mbebaji hata mmoja. Wakati huohuo Waingereza na Wahindi waliokosa makaburi walijengewa kumbukumbu zao, Nairobi na Dar es Salaam.

Kwamba majina hayakuandikwa: si kweli, na hapa ndipo penye tumaini lenu. Ofisi ya wabebaji, ambayo iliongozwa na Oscar Watkins, ilimpa kila mtu namba na kumwandikisha, kwa sababu alitakiwa kulipwa. Mshahara ulikuwa mdogo, karibu rupia 5 au 6 kwa mwezi, lakini ulihitaji daftari. Baada ya vita, pesa za maelfu ya watu waliokufa zilibaki bila kuchukuliwa, na maafisa walibishana kwa miaka juu ya pesa hizo. Hakuna anayeweza kubishana juu ya mshahara usiochukuliwa bila kuwa na orodha ya wenyewe. Majina yaliandikwa, ndugu yangu. Yaliandikwa vibaya, na makarani wasiojua Kidawida wala Kitaveta, na baadaye madaftari mengi yakapotea au kutupwa. Lakini aliyekwambia hayakuwahi kuwapo amekosea.

Haya nisemayo si malalamiko ya pembeni tena. Aprili 2021 Tume yenyewe, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba fikra za ubaguzi zilichangia. Iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Januari 2025 ilifunguliwa kumbukumbu mpya Cape Town, nguzo za mbao zenye majina ya zaidi ya vibarua 1,700 weusi wa jeshi wa Afrika Kusini ambao hawakuwa na jiwe popote. Kwa upande wa Kenya watafiti wanapekua kumbukumbu za zamani, zikiwemo za jeshi, wakitafuta majina. Kwa hiyo mnaanza wakati mzuri kuliko kizazi chochote kilichowatangulia.

Huyo anayedai pesa msimpe. Hifadhidata ya majina ya Tume iko wazi kwenye intaneti, na kuitafuta ni bure. Tume haichongi jina kwa sababu mtu amelipa, wala kwa kawaida haichongi kwenye makaburi ambayo mtu hakuzikwa ndani yake. Kama anasema ameona faili, akupe namba ya faili na jina la ofisi inayolitunza. Akikataa, au kama ameshachukua chochote kwenu, nenda polisi ukiwa na ujumbe wake wa simu.

Kuhusu fidia, namwelewa kaka yako. Lakini Tume inashughulikia makaburi na majina tu, hailipi familia. Radhi ya 2021 haikuja na mpango wa kuwalipa watu mmoja mmoja. Kama anataka kulifuata hilo, amwone wakili ana kwa ana kabla ya kutia sahihi karatasi ya yeyote anayekusanya "wadai". Ushauri wangu ni kwamba msiyafunge mambo mawili kamba moja. Ushahidi wa jina mnaweza kuutafuta sasa, na mkiupata utafaa kwa lolote litakalofuata.

Anzeni nyumbani, na muanze mapema, kwa sababu faili la Nairobi litasubiri lakini shangazi mwenye miaka tisini hatasubiri. Muulizeni jina lake la kuzaliwa, jina la baba yake, ukoo, mlima au kijiji, na jina la chifu wa wakati ule. Hilo la chifu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana kumbukumbu za wilaya zimepangwa kwa chifu na lokesheni kabla ya mtu. Muulizeni pia waliochukuliwa siku moja naye. Kama mmoja wao alirudi, familia yake huenda ina habari ya mahali walipoachana. Andikeni jina kwa kila namna ambayo karani mgeni angeweza kulisikia: Mwakio anaweza kuwa Muakio au Makio, na "gh" yenu imewapiga chenga makarani wengi. Kama jina la Kikristo lilikuwapo, ulizieni daftari za ubatizo kwenye misheni za zamani, Bura kwa Wakatoliki, Sagalla na Taveta kwa Waanglikana. Jambo moja la kuhakiki: kama nyumbani kuna kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, kile cha kuvaa shingoni, na mnasema ni chake, simameni hapo. Vipande vilianza kutolewa baada ya vita, karibu 1919 na 1920. Maana yake alirudi, au kipande ni cha mtu mwingine.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, jengo la Moi Avenue. Hapa usiende kwa simu wala kwa wakala. Nenda mwenyewe, mweleze afisa wa chumba cha kusomea kwamba unatafuta ripoti za wilaya ya Taita na vitabu vya kumbukumbu za kisiasa vya 1914 hadi 1920, na habari za uandikishaji wa wabebaji. Usitegemee kukutana na jina lake ukurasa wa kwanza, na huenda usilikute kabisa. Unachoweza kupata ni idadi iliyotolewa na chifu wenu na mwezi wenyewe, na hilo tayari linaipa simulizi yenu uzito.

Ukishakusanya, iandikie Tume. Inachotaka kuonyeshwa ni mambo mawili: kwamba alitumikia jeshini, hata kama mbebaji, na kwamba alikufa kwa sababu ya utumishi huo kati ya Agosti 1914 na 31 Agosti 1921.

Mimi nisingeomba jina lake liwekwe pale makaburini Taveta. Ningewatafuta majirani. Jina moja lenye ushahidi wa mdomo tu ni rahisi kulikataa. Majina thelathini ya lokesheni moja, kila familia ikieleza mwezi uleule na chifu yuleyule, bila kuwa zimekaa pamoja kupanga maneno, ni jambo jingine kabisa. Orodha ya namna hiyo inaweza kupelekwa Tume, Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti, na ndani yake mnaweza kudai kumbukumbu ya wabebaji wa Taita na Taveta, Wundanyi au hapo hapo mjini. Msiwasahau watu wa Kasighau, ambao 1915 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi wakafia huko. Nao ni wafu wa vita hivyo. Na kama familia inataka kuweka jiwe la jina nyumbani sasa hivi, bila kusubiri ofisi yoyote, hakuna anayeweza kuwazuia. Andikeni jina, mwaka aliochukuliwa, na kwamba hakurudi. Msiandike mahali alipofia mpaka mjue.

Mwisho, vijana wenu wasiende Salaita wala Latema na majembe kutafuta mifupa au maganda ya risasi. Risasi na makombora ya zamani bado yanaweza kulipuka, na kuchimba mahali pa kihistoria kunahitaji kibali cha Makumbusho ya Taifa. Mkikuta mfupa wa mtu umejitokeza wenyewe baada ya mvua, msiuguse. Wekeni alama pembeni, piga picha, mwiteni chifu na polisi, kisha Makumbusho. Mahali mfupa ulipolala, na kilicholala kando yake, kifungo cha koti au namba ya bati, ndivyo vinavyoweza kueleza alikuwa nani.